Uzamili wa uhamiaji: Nairobi inatosha?

Dada, umeuliza kama uzamili wa sosholojia kuhusu familia za wahamiaji unafaa kusomewa hapa Nairobi au ni lazima uende Marekani. Soma hapa. Nadharia nyingi zimetoka huko, ni kweli. Mwaka 1993 wanasosholojia Alejandro Portes na Min Zhou walieleza kwamba watoto wa wahamiaji hawafuati njia moja: wengine hupanda kimaisha, wengine hutumbukia kwenye umaskini wa mjini, na wengine huendelea wakiwa wameshikamana na jamii yao. Zisome kwa makini, ila ujue zilitokana na miji ya Marekani. Kuzipima upya hapa ndiyo kazi yenye maana.

Zunguka Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye wahamiaji wengi. Utamkuta msichana mdogo kwenye kliniki akimtafsiria mama yake maneno ya daktari, mengine hata hayafai masikio ya mtoto. Nyumbani, huyo huyo ndiye anayesoma barua ya shule na ujumbe wa mwenye nyumba. Nani basi ana mamlaka katika familia hiyo? Hapo pana tasnifu nzima, tena mimi naona ni muhimu kuliko kuhesabu pesa ambazo wahamiaji huwatumia jamaa zao.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, omba mapema. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 nayo uielewe, maana hati za mtu hugusa makazi na kazi yake. Na ukihitaji mkalimani, mlipe mtu mzima wa nje. Usimtumie mtoto wa nyumba unayoitafiti.