Je, rada "husikia" mwangwi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandaa tangazo la usalama kwa wavuvi wetu hapa Tanga. Nimeandika: "Rada ya meli haisikii vizuri mwangwi wa ngalawa." Mwenzangu kafuta "mwangwi" kaweka "akisi", eti mwangwi ni wa sauti tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Neno lako libaki. Kweli, mwangwi tuliujua kwanza kwa masikio. Aliyeingia Mapango ya Amboni akaita, ameusikia. Lakini kinachoufanya uwe mwangwi ni kumrejea aliyeita. Rada nayo huita: hutuma mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza ikisubiri. Mawimbi hayo huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirejea baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, basi umekwenda na kurudi kilomita 30, na chombo kiko umbali wa kilomita 15.

Kuakisi ni kitenzi kizuri, ila mtendaji wake ni chombo. Ubavu wa chuma ulioinama waweza kuyaakisi mawimbi yakaenda kwingine kabisa, rada isipate kitu. Hapo kuakisi kumefanyika, mwangwi haupo. Tangazo lako linahitaji maneno yote mawili, maana usalama wa mvuvi umo katika tofauti hiyo. Mbao huakisi kidogo mno, kwa hiyo ngalawa hupotea kwenye kioo cha rada, hasa bahari ikichafuka, kwa kuwa maji nayo yana mwangwi wake. Kiakisi cha rada husaidia kwa umbo lake: mabati matatu yaliyokutana kwa pembe mraba kama kona ya chumba huyarudisha mawimbi kulekule yalikotoka.

Ninachokifuta mimi ni "haisikii". Redio tunasema imenasa stesheni. Rada nayo hunasa mwangwi. Tena usiandike "mawimbi" peke yake. Mvuvi atafikiria bahari, na ana haki.

Ningeandika hivi: "Ngalawa ya mbao huakisi kidogo mawimbi ya redio, hivyo rada ya meli huenda isinase mwangwi wake. Tundika kiakisi cha bati juu ya mlingoti."