Kusajili shamba la bayoanuwai England
Je, ukiwa na hati ya shamba tu unaweza kuwauzia wajenzi yuniti za bayoanuwai, yaani vipimo vya uboreshaji wa makazi ya mimea na wanyama? Hapana, hati peke yake haitoshi. Kwanza funga mkataba wa kisheria, ama na halmashauri ya eneo lako ama na taasisi iliyoteuliwa na serikali kwa kazi hiyo, kisha uombe kuingia kwenye rejista ya Natural England, shirika la serikali la uhifadhi wa mazingira asilia. Mjenzi anadaiwa ongezeko la bayoanuwai la asilimia 10 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2021, na ardhi ya nje ya kiwanja chake haihesabiwi kama haimo kwenye rejista hiyo. Angalia tu: miaka 30 ya kuitunza inaanza baada ya kazi ya uboreshaji kukamilika, si siku ya kusaini. Scotland na Wales wana utaratibu wao.