Jibu: Nilisafishwa mimba zabibu, wiki ya saba sasa na kipimo bado kinaonyesha nina mimba

Pole sana dada. Nimekuelewa hivi: ulisafishwa mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida, ambayo tishu za kondo la nyuma huvimba kama kichala cha zabibu), damu imekata, lakini kipimo cha mkojo bado kinatoa mistari miwili na mama mkwe anasema umeshika mimba nyingine.

Mimi yalinikuta hayo hayo. Acha kwanza vipimo vya mkojo. Vinasema ndiyo au hapana tu, na hCG, homoni ya mimba ambayo vipimo hivyo huitafuta, inaweza kubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kusafishwa. Unachohitaji ni kipimo cha damu kinachotoa namba, kila wiki, maabara ile ile ukiweza, kwa sababu maabara hutofautiana. Ziandike kwenye daftari. Namba zangu zilishuka, halafu wiki tatu zikagoma pale pale, ndipo daktari akaagiza ultrasound na eksirei ya kifua, maana mabaki ya mimba zabibu yanaweza kugeuka kansa, na ugonjwa huo ukisambaa hukimbilia mapafu. Nikachomwa sindano za methotrexate, dawa ya kuua seli za ugonjwa huo. Nilipona, na kizazi changu kipo.

Namba zikishuka tu, hakuna dawa, ni kufuatilia. Zikigoma au zikipanda, rudi kwa daktari wa wanawake siku hiyo hiyo. Usishike mimba mpaka akuruhusu, kwani mimba mpya itapandisha hCG na kuficha ugonjwa. Mimi nilitumia vidonge vya majira.

Ukitoka damu nyingi, ukikohoa damu au kichwa kikikuuma vibaya, usingoje kliniki, nenda hospitali.

Je, namba yako ya mwisho ya damu ilikuwa ngapi?