Panya asiyepewa dawa ndiye aliyenifundisha kazi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama daktari wa mifugo aliyehitimu Morogoro, ambaye hana hamu ya kukimbizana na ng'ombe mashambani, anaweza kuendesha maisha kwa patholojia ya wanyama wa maabara, yaani kusoma tishu zao kutafuta madhara na magonjwa, na kama kazi yenyewe ni zaidi ya kupasua panya tangu asubuhi hadi jioni. Nimeifanya kwa miaka 11, sehemu kubwa katika maabara ya Ulaya inayopima usalama wa dawa kabla hazijafika kwa binadamu, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Kupasua ndiko kunakochukua sehemu ndogo kabisa ya muda wangu. Mizoga hupasuliwa na mafundi wenye mikono myepesi kuliko yangu, nami husimama pembeni kutazama kile wanachonionyesha. Siku zangu huishia kwenye hadubini. Chukua utafiti wa saratani wa miaka miwili: makundi manne ya panya, moja likiwa halipewi dawa, na kila kundi lina madume 50 na majike 50. Hao ni panya 400. Kila mmoja hutolewa tishu zipatazo 40, ambazo hulowekwa katika formalini ili zisioze, huzungushiwa nta, hukatwa vipande vyembamba vya maikromita nne au tano, kisha hubandikwa kwenye slaidi na kutiwa rangi. Hata kama tishu za makundi ya dozi ya kati hazisomwi zote, utakaa na trei za slaidi kwa miezi.

Jambo lililonisumbua zaidi nilipoanza ni kwamba swali lenyewe hubadilika. Ukiwa mwanafunzi, unaletewa ndama aliyekufa unaulizwa ameuawa na nini, unapasua, unakuta mapafu yamejaa maji na mitoki imevimba, unataja ndigana kali na kazi imekwisha. Maabara haikuulizi panya ana ugonjwa gani. Inakuuliza kama hicho unachokiona kimeletwa na dawa, au kingekuwepo hata kama dawa isingetolewa kabisa. Kulijibu swali hilo kunahitaji umjue mnyama mzima kuliko unavyoujua ugonjwa, kwa sababu panya dume wa miaka miwili, hata akilishwa chakula safi na maji tu, karibu kila mara atakuwa na figo zilizochakaa, na wengine watakuwa na uvimbe wa tezi ya pituitari ambao hakuna aliyewasababishia.

Nitakueleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu nadhani litakufaa kuliko maelezo ya kijumla. Katika mwaka wangu wa tatu nilisoma maini ya utafiti mfupi. Ini la kundi lisilopewa dawa lilikuwa na seli kubwa, zenye nafasi nyeupe zilizochanika ndani yake, jambo ambalo huashiria akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Ini la kundi la dozi ya juu lilikuwa limeshikamana, seli zake ndogo na nyekundu, na makundi ya kati yalipangika vizuri katikati yao, ngazi kwa ngazi. Ukiona ngazi ya namna hiyo moyo huruka kwa furaha, kwa sababu dozi ikipanda na badiliko likapanda nayo, kila kitabu kinasema dawa ndiyo iliyosababisha. Nikaandika hivyo katika rasimu.

Mwenzangu mmoja mzee, ambaye wakati huo alikuwa akikagua kazi za sisi vijana, hakugusa slaidi hata moja. Aliomba karatasi ya siku ya upasuaji, akaweka kidole kwenye safu ya saa. Kundi lisilopewa dawa lilikuwa limepasuliwa kuanzia saa mbili asubuhi, na kundi la dozi ya juu lilifikiwa baada ya saa saba mchana, ilhali chakula kilikuwa kimeondolewa kwenye vizimba vyote kwa pamoja alfajiri. Panya hula usiku, kwa hiyo asubuhi ini lake limejaa, na kadiri saa zinavyopita bila chakula akiba hiyo hupungua. Ngazi niliyoishangilia ilikuwa ngazi ya njaa. Tangu siku hiyo, kabla sijawasha taa ya hadubini, ninataka kuona nani alipasuliwa saa ngapi na kwa utaratibu gani, na nimegombana na wapangaji wa ratiba zaidi ya mara moja ili wachukue mnyama mmoja kutoka kila kundi kwa zamu.

Hata wale wasiopewa dawa wanaweza kuwa wagonjwa kwa siri. Mnamo 1994 bakteria aitwaye Helicobacter hepaticus alielezwa kwa mara ya kwanza baada ya watafiti wa Frederick, Maryland, kuona ini lenye uvimbe na saratani katika vipanya vya kundi linganishi, yaani lile lisilopewa dawa, vile ambavyo havikupaswa kuwa na tatizo lolote. Yapo pia mambo ya panya peke yake: limonini, kemikali inayofanya ganda la chungwa linukie, huleta saratani ya figo kwa panya dume kupitia protini ambayo binadamu hatuitengenezi kwa namna hiyo, na mwaka 1991 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilikubali kwamba saratani za njia hiyo zisitumike kukadiria hatari kwa watu.

Kuhusu kama utalala usingizi kwa amani, sitakudanganya. Wanyama hawa wanauawa, na wewe ni sehemu ya sababu. Wanasayansi Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kuhusu kutumia njia nyingine badala ya wanyama, kupunguza idadi yao na kuboresha wanavyotumiwa, na mwanapatholojia anaingia hasa kwenye kupunguza, kwa kuwa utafiti uliosomwa vibaya hurudiwa, na kurudiwa maana yake ni vizimba vingine vilivyojaa. Desemba 2022 Marekani iliondoa sharti la kisheria la kujaribu kila dawa kwa wanyama kabla ya binadamu. Kazi haijaisha kwa sababu hiyo, ingawa ningekuwa na umri wako ningejifunza pia kusoma tishu zilizooteshwa maabara.

Mshahara ni mzuri ukishafaulu mtihani wa bodi ya Ulaya au ya Marekani, lakini kabla ya mtihani kuna miaka isiyopungua mitatu ya mafunzo chini ya msimamizi, na nafasi zake ni chache kuliko waombaji. Usisubiri zipatikane ndipo uanze. Nenda kwenye idara ya patholojia uliyosomea, uwaombe vitalu vya nta vyenye tishu za panya na sungura waliotumika kama kundi linganishi katika tafiti za wanafunzi, ambavyo aghalabu hukaa kabatini bila mtu kuvigusa. Kata slaidi za ini, figo na korodani za wanyama 50 wasiopewa chochote, andika kila unachokiona, kisha fungua daftari la upasuaji uangalie saa.