Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi Wangu Wanaona Pimbi, Mti Hawauoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sayansi darasa la tano katika shule ya msingi wilayani Ilemela, Mwanza. Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria. Tuliporudi niliwaambia waandike walichokiona, na karibu wote waliandika pimbi, swala, mijusi na mawe. Aliyetaja mti ni mmoja tu, tena kwa sababu alikalia kivuli chake. Nifanye nini ili waione na mimea? Je, kuwakaririsha majina ya kitaalamu kutasaidia?
Mwalimu, Ilemela

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako hawana kasoro yoyote. Mwaka 1999 waelimishaji wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, waliieleza hali hii: jicho hukimbilia kinachosogea, kinachojitenga kwa rangi au kinachoweza kudhuru, ilhali mimea, kwa kuwa imetulia mahali pamoja na kijani chake kinafanana, hugeuka kuwa pazia tu nyuma ya wanyama. Walisisitiza pia umuhimu wa mtu mzima mwenye kuijua mimea, anayemwongoza mtoto tangu mapema, na hapo ndipo unapoingia wewe.

Mimi nisingeanza na majina ya kitaalamu. Ningeanza na mmea mmoja ambao wanafunzi wanaweza kuushika, kuupasua na kuurudia baada ya wiki kadhaa, na kwa Mwanza ningechagua mkuyu. Waulize kwanza kama wamewahi kuona ua la mkuyu. Wengi watasema mti huo hauna maua. Kisha okota makuyu ya hatua mbalimbali, mabichi na yanayokaribia kuiva, uyapasue mwenyewe kwa wembe na kuwapa lenzi ya kukuzia. Wataona kwamba kuta za ndani zimejaa maua madogo mno yaliyosongamana, kwani kile tunachokiita tunda ni kifuko kilichoyafunika maua hayo. Nyigu mdogo wa kike hujipenyeza kupitia tundu la nchani, jembamba kiasi kwamba mara nyingi mabawa yake hukatika, akabeba chavua hadi ndani na kutaga mayai humo. Baadaye madume, ambayo hayana mabawa, hutoboa njia ya kutokea kwa ajili ya majike wapya. Mkiwa na bahati mtawakuta wadudu hao bado wamo, na usishangae kelele zikisikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

Majina ya kitaalamu yalete baadaye, pale yatakapokuwa na kazi. Mwambie kila mwanafunzi avingirishe bua la funjo kati ya vidole, kisha afanye hivyo kwa bua la ndago linalochanua, ile ile anayoing'oa kila siku katika shamba la shule. Yote mawili yana pembe tatu. Sasa andika ubaoni Cyperus papyrus na Cyperus rotundus, uwaache wagundue wenyewe kwamba funjo refu kuliko mwalimu wao na gugu linalowachosha ni ndugu. Majina ya kienyeji na matumizi yake wakawaulize bibi na babu nyumbani, maana huko kuna elimu ambayo kitabu cha darasani hakina.

Mtakaporudi Saanane, kila kikundi kipewe mmea mmoja uliojishikiza kwenye mwamba, na wauchore kabla ya kuambiwa jina lake, kwa sababu anayechora hulazimika kuhesabu majani na kufuata mzizi hadi ufa ulikoingia. Ikiwezekana, ziara moja ifanyike wakati wa masika na nyingine wakati wa kiangazi, ili michoro ilinganishwe.

Kuhusu mafunjo, mwombe mvuvi akuletee mabua machache. Usiwaingize watoto majini kuyafuata, kwani mbali na mamba, maji ya kando ya ziwa yana kichocho.