Kununua DSLR ya kwanza ukiwa likizoni Lubumbashi: siku ya kununua, na saa moja ya kuijaribu

Ndugu, umeuliza hivi: mwezi wa saba unakuja Lubumbashi na mama watoto pamoja na watoto watatu, mtakaa kwa wazazi wiki tatu, una dola 250, na unataka DSLR (kamera ya lenzi za kubadilisha) yako ya kwanza, iliyotumika, uinunue huku huku ili upate picha za familia na za maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu. Waliotangulia kukujibu hapa wamebishana juu ya Canon na Nikon. Naanza na jambo ambalo hakuna aliyeligusa: siku ya kununua.

Inunue siku mbili tatu za kwanza baada ya kufika. Kasoro nyingi za kamera iliyotumika hazijionyeshi dukani. Zinatoka baada ya picha mia tatu, betri ikishachajiwa mara mbili, kadi ikianza kujaa. Ukiinunua wiki ya kwanza, muuzaji yuko umbali wa taksi-basi moja na bado anakumbuka mlichokubaliana. Ukiinunua siku ya kufunga mizigo, kasoro hiyo unaondoka nayo.

Dola 250 zinatosha, ila usizimalizie kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Bodi na lenzi ya 18-55 (zumu ya kawaida ya kuanzia) zisizidi 180. Zinazobaki ni za betri ya pili, kadi ya SD ya GB 32, mfuko wenye sifongo ndani, na pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Tripodi isubiri. Kadi kubwa zaidi huihitaji: JPEG (faili ya picha ya kawaida) ya pikseli milioni 18 huchukua MB 6 na kitu, kwa hiyo GB 32 zinabeba zaidi ya picha 4,000.

Kuhusu chapa, kama kuna shemeji au binamu mwenye lenzi za Canon, chukua Canon. Kama ana za Nikon, chukua Nikon. Lenzi za kuazima zina thamani kuliko tofauti yoyote kati ya bodi hizi. Upande wa Canon tafuta 600D, 700D, 1200D au 1300D. 600D na 700D zina skrini inayogeuka, na hilo linasaidia sana kumpiga picha mtoto mdogo bila wewe kulala chini. 1300D ina Wi-Fi, picha inaingia kwenye simu bila waya. 4000D ningeiacha hata ikiwa mpya: shingo inayoshika lenzi ni ya plastiki, na haina kile kigurudumu cha kurekebisha kitazamio (kitundu cha kuchungulia) kwa mtu anayevaa miwani.

Upande wa Nikon tafuta D3200, D3300 au D3400, lakini hapa kuna mtego. Bodi hizi hazina mota ya fokasi (ya kulenga ili picha iwe kali) ndani. Mota lazima iwe kwenye lenzi. Lenzi iliyoandikwa AF-S inafanya kazi kwa zote. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D utazungusha fokasi kwa mkono. Halafu kuna AF-P, lenzi mpya zaidi, nyepesi, isiyo na vitufe ubavuni. Kwenye D3400 inakwenda vizuri kabisa. Kwenye D3300 inataka programu ya kamera iwe imesasishwa. Kwenye D3200 haipati fokasi kabisa, wala hakuna sasisho la kuitibu. Wauzaji huunganisha bodi hii na lenzi ile kwa sababu tu zinaingiana shingoni, kwa hiyo soma maandishi kwenye pete ya lenzi kabla hujauliza bei.

Utakutana pia na Canon zilizoandikwa Kiss. Ni kamera zilezile zilizotengenezewa soko la Japani: Kiss X5 ni 600D, Kiss X7i ni 700D, Kiss X80 ni 1300D. Si bandia. Ila fungua menyu ya lugha mbele ya muuzaji, maana nyingi zina Kijapani na Kiingereza tu. Kama nyumbani mnatumia Kifaransa, lipime mapema. Chaja yake isome nyuma: ikiandikwa 100-240V, umeme wetu wa 220V hauidhuru, utahitaji tu adapta ya ile plagi bapa.

Sasa kuijaribu. Nenda mchana, ukiwa na kadi yako mwenyewe, simu yenye tochi na karatasi nyeupe. Muuzaji asiyekupa saa moja mwache. Nyingi ya kamera hizi zinatoka kwa wapiga picha wa harusi, na harusi moja ni picha mia kadhaa, pengine elfu moja na zaidi. Bodi ya namna hiyo inaweza kuwa safi nje kwa sababu mwenyewe alijua kuitunza, kumbe shata (pazia inayofunguka na kufunga kila ukipiga picha) imekaribia mwisho. Shata za bodi za daraja hili hukadiriwa karibu mapigo 100,000. Namba ya faili kwenye skrini si ushahidi, inarudishwa mwanzo kwa kitufe kimoja. Kwa Nikon, piga JPEG moja, itoe kwenye kadi jinsi ilivyo na uipandishe kwenye tovuti inayosoma hesabu ya shata. Usiipitishe WhatsApp, kwani inafuta taarifa hizo. Canon nilizotaja haziandiki hesabu ndani ya picha. Zinataka waya wa USB na programu ya kompyuta. Usipoweza kusoma hesabu, angalia mpira wa mshikio, rangi iliyofutika kwenye gurudumu la modi, na kitako cha flashi kilichokwaruzika hadi chuma. Hivyo vinasema ukweli.

Toa lenzi, mulika tochi ndani yake kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Vumbi kidogo halina shida, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hasa pembeni ya kioo: ni kuvu. Huota lenzi ikikaa miezi ya mvua ndani ya mfuko uliofungwa, hula rangi ya juu ya kioo, na kusafisha kunagharimu kuliko lenzi yenyewe. Usinunue, wala usiiweke mfuko mmoja na lenzi nyingine. Zungusha zumu pole pole karibu na sikio. Ukisikia mchanga ukisagika, kamera hiyo imepita kwenye vumbi bila kifuniko.

Rudisha lenzi. Weka modi ya A kwa Nikon au Av kwa Canon, namba ya f (uwazi wa lenzi) iwe 22, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, zima fokasi ya otomatiki, kisha piga karatasi nyeupe au anga huku ukitikisa kamera kidogo. Ikuze kwenye skrini uipitie kona hadi kona. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi juu ya kihisi (kipande kinachopokea picha ndani ya bodi), linatoka kwa pampu. Doa au mstari wenye kingo kali lisilotoka ni mkwaruzo. Baada ya hapo funga kifuniko cha lenzi, weka M (modi ya kupanga kila kitu mwenyewe) na upige sekunde moja kwa ISO 800. Nukta moja mbili za rangi zinavumilika, nyota nyingi hapana.

Kwa shata, ikiwa bado M, piga anga kwa 1/4000 ya sekunde, kisha 1/1000, 1/60, sekunde 1 na sekunde 30. Kwenye 1/4000 fungua lenzi hadi mwisho (namba ndogo kabisa ya f) na upandishe ISO ili picha isiwe nyeusi. Ukiona utepe wa giza juu au chini ya picha, pazia za shata haziendi pamoja tena. Piga mfululizo picha kumi na tano. Canon ikitoa Err 01, futa vichuma vya dhahabu nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ni mawasiliano kati ya lenzi na bodi. Ikitoa Err 20 au Err 30, ni mitambo ya shata, rudisha mezani. Flashi ya kujiinua ipigwe mara tano.

Jaribio la mwisho wengi hawalifanyi, na ndilo linalookoa pesa. Simamisha kitabu chenye maandishi madogo, zumu 55, f/5.6, fokasi ya otomatiki ya nukta ya katikati. Piga picha moja ukitazama kwenye kitundu, nyingine ukitumia skrini. Zikuze zote mbili. Ya skrini ikiwa kali na ya kitundu ikiwa na ukungu, mfumo wa fokasi umehama, na bodi hizi hazina marekebisho ya hilo kwenye menyu. Iache.

Betri iliyovimba, hata inayoingia kwa kusukumwa tu, usiikubali. Dola ziwe noti safi. Iliyochanika hata pembeni wataikataa. Kwenye faktira (risiti) iandikwe namba ya utambulisho (serial) iliyo chini ya bodi, jina la muuzaji, na siku saba za kurudisha. Karatasi hiyo utaihitaji pia mpakani, kama mnarudi kwa Kasumbalesa kuelekea Zambia, kuonyesha kamera ni yako.

Usiku huohuo ijaribu kadi mpya. Kuna kadi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani ni GB 8: zinapokea picha zote, na zile za baadaye hazifunguki. Programu ya H2testw kwenye Windows huijaza yote na kuisoma upya. Ikipita, ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Chaji betri umeme ukiwa umetulia. SNEL (shirika la umeme) ikikata na kurudi, chomoa kwanza, subiri dakika chache, ndipo uchomeke.

Mwezi wa saba huku ni kiangazi: asubuhi baridi, mchana jua kali, vumbi jekundu kila mahali. Usibadilishe lenzi barabarani. Ukilazimika, ingia garini, funga vioo, zima feni, zima kamera, shingo ya bodi itazame chini. Usipulizie kwa mdomo, mate yakikauka juu ya kioo cha ndani au kihisi hayatoki kwa pampu. Ukitoka kwenye baridi ya alfajiri kuingia jikoni penye moto, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa, la sivyo lenzi itatoa jasho.

Kwa watoto, toka kwenye modi ya kijani (otomatiki kabisa). Weka Tv (Canon) au S (Nikon), ambapo unachagua kasi ya shata: 1/250 wakitembea, 1/500 wakikimbia, ISO ya otomatiki ikiwa na kikomo cha 3200, fokasi ya kufuata mtu anayesogea, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon. Saa sita mchana waite chini ya mwembe, uso uelekee kwenye mwanga, nyuma pasiwe na anga. Kamera hupima wastani, kwa hiyo sura nyeusi mbele ya anga jeupe hutoka giza tupu. Ongeza fidia ya mwanga (kitufe cha +/-) hadi +2/3 au +1, na ukague sura, usikague anga. Nasisitiza hili kwa sababu picha nyingi za familia zetu zinaharibikia hapo, watu wakadhani kamera ni mbaya.

Lofoi huanguka takriban mita 340 na kiangazi maji hupungua. Ukitaka maji yaonekane laini unahitaji karibu nusu sekunde, kamera ikiwa juu ya jiwe na kipima muda cha sekunde mbili. Jua likiwaka, hata f/22 kwa ISO 100 inakupa 1/50 tu. Ngoja kivuli, au fika mapema.

Askari, kambi, uwanja wa ndege, mpaka na migodi, kamera ibaki mfukoni. Mitaani uliza kwanza; ukiinua DSLR watu wanakuona tofauti na mtu wa simu. Makumbusho, ulizia mlangoni kabla ya kuitoa.

Kila jioni nakili picha kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye diski ya nje, na usiifute kadi hadi zote mbili zifunguke. Mkirudi kwa ndege, betri ya akiba iende kwenye mfuko wa mkononi, vichuma vyake vikiwa na kifuniko au vimebandikwa utepe, isiende kwenye sanduku la chini. Ukishapata kamera, weka hapa aina yake na ile picha ya f/22, nitakuambia kama madoa ni vumbi au ni mkwaruzo wakati siku saba za faktira hazijaisha.