Mafuta ya ini kwa MRI: kwa nini 9% na 14%?

Umesema ini la mgonjwa yuleyule limetoa mafuta 9% kwenye mashine moja ya MRI (inayopiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio) na 14% kwenye nyingine, zote kwa miangwi 2 (yaani mawimbi yanayorudi kutoka mwilini yakipimwa mara mbili), mashine ya pili ikiwa na pembe ya kugeuza (kiasi ambacho mawimbi ya redio huinamisha usumaku wa mwili) ya digrii 20.

Anza na hiyo pembe. Mafuta hurejea hali yake haraka kuliko maji, hivyo pembe kubwa huyapa mawimbi yenye nguvu kupita wingi wake, na asilimia inapanda. Shusha hadi digrii 3 hivi kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), au 5 kwenye tesla 1.5. Picha itakuwa na chengachenga zaidi, vumilia.

Pili, miangwi 2 haitoshi. Ini lenye madini mengi ya chuma hupoteza mawimbi haraka, na kupungua huko huchanganyika na hesabu ya mafuta. Tumia miangwi 6, na programu inayosahihisha upotevu huo na inayotambua kuwa mafuta yana vilele kadhaa vya masafa ya mawimbi (frequency), si kimoja.

Mgonjwa abane pumzi muda wote wa kupiga picha. Kisha, kwenye picha, weka duara la kupimia katika kila sehemu ya ini, mbali na mishipa, nyongo na ukingo, uchukue wastani. Duara moja tu linadanganya, maana mafuta hayasambai sawasawa.

Ukiona ini linasoma 96%, usishtuke: programu imebadilishana maji na mafuta. Linganisha na mafuta ya chini ya ngozi, ambayo ndiyo yanayopaswa kusoma juu hivyo, kisha rudia kipimo.